Ulimi ni Shahidi Mmoja

Miongoni mwa wageni wote waliopata kukanyaga kisiwa cha Mombasa, pengine hakuna aliyekaa muda mfupi zaidi akatuachia habari nyingi zaidi kuliko Abu Abdallah Muhammad, ambaye ulimwengu humjua kwa jina la Ibn Battuta. Alilala usiku mmoja tu, mnamo mwaka wa 1331, kisha akatweka tanga kuelekea Kilwa. Katika muda huo mfupi alitazama misikiti, akakadiria kina cha visima na, jambo ambalo wasomaji wake wengi hulipita haraka, akaonja vilivyoliwa hapa. Makala haya yanauhusu ulimi wake.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini tumfufue leo mtu aliyefariki zaidi ya miaka mia sita iliyopita, tena kwa ajili ya ulimi. Sababu ni kwamba Mombasa yetu imejaa mahakimu wa vinywaji. Katika mahoteli na mabaa ya kisiwani humu wako wanaoisifu bia nyeusi yenye uchungu, na wako wanaoapa kuwa ni dawa ya mbu. Kisauni na Likoni wako wanaosema hakuna kinywaji duniani kipitacho mnazi, na wako wasiotaka hata kulisikia jina lake. Katika Mji wa Kale, ambako wengi hawagusi kileo kwa sababu ya dini yao, ubishi hauhamii mbali: watu hugawanyika juu ya kahawa, kama imeungua au haikuiva. Kila mtu ana hukumu yake mkononi. Wachache ndio walioonja, na wachache zaidi ndio waliouliza wanachokionja. Hapo ndipo maisha ya msafiri huyu yanapotufaa.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, nchini Morocco, tarehe 25 Februari 1304, katika ukoo wa wanasheria na makadhi wa madhehebu ya Maliki. Tarehe 14 Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaondoka peke yake kwenda kuhiji Makka. Hakurudi kwao mpaka mwaka wa 1349. Katika miaka hiyo yote alikula na kunywa mikononi mwa watu wa lugha zisizo na hesabu, naye alikuwa na tabia moja iliyomtofautisha na wasafiri wengi: hakuridhika kusema kwamba chakula kilikuwa kizuri au kibaya. Alisema kilitengenezwa kwa nini, kililiwa pamoja na nini, na kilifanana na kitu gani ambacho msomaji wake wa Morocco alikwisha kukijua.

Pwani yetu aliianzia kaskazini. Mji wa Zeila ulimshinda kwa pua kabla ya ulimi. Harufu ya samaki, na ya damu ya ngamia waliochinjwa njiani, ilimfanya akalale baharini ndani ya chombo kilichokuwa kikipigwa na mawimbi, kuliko kulala mjini. Mogadishu ilimfurahisha. Huko aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na michuzi ya kuku, ya nyama, ya samaki na ya mboga. Aliletewa ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, maziwa ya mgando, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Akaeleza kwamba embe likiiva ni tunda tamu, na likiwa bichi ni kali kama limau, ndiyo maana hutiwa katika siki. Akaeleza pia kwamba wenyeji humeza tonge la wali kisha hufuatisha achari kidogo. Mama yeyote wa Kibokoni anayeandaa pilau na achari pembeni atautambua mpangilio huo bila ya kuhitaji mwalimu.

Mombasa aliyoifikia haikuwa hii ya leo. Ngome ya Yesu ilikuwa bado haijajengwa. Wareno wangeanza kuijenga mwaka wa 1593. Aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu na waadilifu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kwenye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, vya kina cha dhiraa moja au mbili tu, na mtu alichota maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, akaosha miguu yake kabla ya kuingia. Chakula cha watu kilikuwa zaidi ndizi na samaki, kwa kuwa kisiwani hapakulimwa nafaka. Aliona ndimu. Aliona pia tunda jeusi alilolifananisha kwa umbo na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni, ila ladha yake ni tamu sana. Wataalamu hulitambua tunda hilo kuwa ni zambarau.

Hebu tumpime hapo. Sisi tulioikulia zambarau tunajua kwamba utamu wake hauji peke yake. Nyuma yake kuna ukakasi unaokausha ulimi na kuuacha na rangi ya urujuani kwa saa nzima. Msafiri aliuandika utamu, akauacha ukakasi. Hatukumkuta akisema uongo, bali tumemkuta akisema nusu. Mtu aliyelala usiku mmoja huonja nusu ya kitu, na hili ni funzo la kwanza kwa kila anayetaka kutoa hukumu juu ya kilichomo kikombeni: kuna ladha inayotangulia na kuna ladha inayobaki, na aliyepokea ya kwanza tu hajamaliza kuonja.

Kutoka Kilwa alivuka bahari hadi Dhofar. Katika sehemu hiyo ya kitabu chake ameeleza kwa kirefu habari za mnazi, na jinsi watu wa visiwa vya Maldives wanavyougema. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata karara na kuacha kiasi cha vidole viwili, hufunga chombo kidogo, na utomvu hutona humo. Akirudi huumimina katika kifuu, huosha mkato kwa maji, huuchonga kidogo tena na kufunga chombo upya. Utomvu ukiwa mwingi hupikwa ukawa asali, ambayo wafanyabiashara wa India, Yemen na China waliinunua kwa kutengenezea halua. Ndiyo kazi ile ile ya wagema wetu wa Pwani. Tofauti ni saa chache tu. Utomvu ule ule uliotoka mtini ukiwa mtamu, jua likishapanda huanza kuchacha, ukawa tembo kali, na ukiachwa zaidi ukawa siki. Kwa hiyo anayesema kwamba mnazi ni mtamu, na anayesema kwamba ni mkali, na anayesema kwamba ni mchachu, wote watatu huenda wameonja kibuyu kimoja katika nyakati tatu. Hukumu ya kinywaji isiyotaja saa yake ni hukumu isiyo na tarehe.

Miaka michache baadaye msafiri wetu alikuwa katika nchi za Waturuki na Watatari, kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Huko, baada ya kuondoka katika mji wa Crimea, alialikwa chakulani na amiri mmoja aitwaye Tuluktumur. Baada ya kula, vililetwa vikombe vya kinywaji cheupe na waliohudhuria wakanywa. Ibn Battuta alimuuliza sheikh aliyeketi karibu naye kinywaji kile ni nini. Jibu alilopewa halikueleweka, kwa maana sheikh alilitamka neno la mtama likasikika kama neno la mafuta. Akaonja kidogo, akakuta kichachu, akakiweka chini. Alipouliza tena aliambiwa kwamba ni kileo cha nafaka, ambacho wenyeji hukiita buza, na kwamba wao ni wa madhehebu ya Hanafi, ambayo wanazuoni wake wa huko walikihesabu kinywaji kama hicho kuwa halali.

Namwomba msomaji alitazame tukio hilo kwa makini, kwani sijui mfano bora zaidi wa kuonja kwa uadilifu. Aliuliza kabla. Aliposhindwa kuelewa, alionja kidogo, hakugugumia. Aliitaja ladha kwa neno moja la kweli, yaani uchachu. Aliuliza tena, na safari hii alipata habari kamili ya nafaka, jina na hukumu ya sheria. Yeye alikuwa wa Maliki, na kwa Maliki kileo ni haramu, kiwe kingi au kichache. Lakini hakuyachanganya mambo. Hakusema kwamba kinywaji ni kichachu kwa sababu ni haramu, wala hakusema kwamba wenyeji wake ni waovu kwa sababu yeye hakukipenda. Ulimi ulisema la ulimi, na sheria ikasema la sheria. Aliyaandika yote mawili, kila moja mahali pake.

Na waliomkaribisha nao walikuwa na ndimi zao. Watu hao waliona kula vitu vitamu kuwa ni aibu. Usiku mmoja wa Ramadhani msafiri alimpelekea Sultani Uzbeg sahani ya halua iliyopikwa na mmoja wa wenzake. Sultani akaigusa kwa kidole, akatia kidole kinywani, na hakuongeza. Kilichokuwa heshima kwa mtu wa Morocco kilikuwa udhia kwa mfalme wa nyika. Bila shaka palikuwa na haki katika kidole kile: mfalme naye alionja kabla ya kukataa.

Ingekuwa vyema kama tungeweza kusema kwamba mtu huyu alikuwa mwadilifu hivyo daima. Hakuwa. Kule Maldives, alikokuwa kadhi mnamo mwaka wa 1343 na 1344, alikuwa mkali mno, akiamuru wasiohudhuria sala ya Ijumaa wachapwe. Na mwaka wa 1352, alipovuka jangwa la Sahara kwenda dola ya Mali, kiburi kilimtangulia mezani. Huko Walata aliandaliwa mtama uliochanganywa na asali kidogo na maziwa, katika nusu ya kibuyu, naye akakidharau hata akatamani kurudi kwao. Mji mkuu ulipomletea zawadi ya mfalme, alisimama akitazamia mavazi na fedha. Alipokuta ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando, alicheka. Hapo hakuwa akipima chakula. Alikuwa akipima heshima yake mwenyewe, na kipimo hicho hakijapata kumpa mtu yeyote ladha sahihi ya kitu.

Huko huko Mali lilimpata jambo zito zaidi. Yeye na wenzake, jumla yao watu sita, walikula ugali uliotengenezwa kwa mzizi unaofanana na jimbi. Wenyeji walikipenda chakula hicho kuliko vyote. Kesho yake wote sita walikuwa wagonjwa, na mmoja wao akafa. Ibn Battuta mwenyewe alizimia katika sala ya alfajiri, akanusurika kwa dawa ya kutapisha, na akaugua miezi miwili. Ulimi haukuwa umeonya lolote.

Alirudi Morocco, na kwa amri ya Sultani Abu Inan akamsimulia mwandishi Ibn Juzayy mambo yote aliyoyaona, kazi iliyokamilika mwezi Desemba 1355. Akamalizia umri wake akiwa kadhi katika mji mmoja wa nchi yake, akafariki mwaka wa 1368 au 1369. Nadhani ni haki kumkumbuka kwa cheo hicho cha mwisho. Kadhi anajua kwamba shahidi mmoja, hata awe mkweli kiasi gani, aghalabu hatoshi. Ulimi nao ni shahidi mmoja. Ni shahidi mwema, lakini hauoni kila kitu, na kuna mambo ambayo haujui hata kidogo.

Sasa tumrudishe mgeni wetu Mombasa ya leo, tumwekee mbele bia ile nyeusi inayobishaniwa. Si lazima anywe. Inatosha tuulize angeipimaje. Kwanza angeuliza imetengenezwa kwa nini. Angejibiwa kwamba ni kwa shayiri, ambayo sehemu yake imekaangwa mpaka ikawa nyeusi, na kwa hopi, yaani maua ya mmea utambaao ambayo watengenezaji wa Ulaya huyatia kwa ajili ya uchungu, harufu, na kuizuia bia isiharibike upesi. Angeambiwa kwamba mwaka wa 1801 kiwanda cha Guinness huko Dublin kiliandika kanuni ya bia nyeusi ya kusafirishwa mbali, iliyozidishiwa hopi ili istahimili bahari na joto, na kwamba kizazi cha bia hiyo ndicho kinachouzwa Kenya hadi leo. Kisha ndipo angeitazama rangi, akainusa, akaonja kidogo na kungojea ladha inayobaki.

Na hapo angegundua jambo linalowapotosha wengi. Katika bia ya namna hiyo mna uchungu wa aina mbili. Mmoja ni wa kukaangwa, ambao watu wa Mji wa Kale wanaujua vyema kuliko wanywaji wa bia, kwa kuwa ndio uchungu wa kahawa iliyochemka ndani ya dele juu ya makaa. Wa pili ni wa ua, mkali zaidi, unaokumbusha majani mabichi na maganda ya machungwa, nao hukawia kinywani. Muonjaji mzuri huutenganisha mmoja na mwingine, kisha hutazama kama utamu wa kimea unatosha kuibeba chungu hiyo maradufu. Asemaye tu kwamba bia ni chungu hajasema kitu, kama vile asemaye kwamba kahawa ni nyeusi. Kiswahili chetu hakina umaskini wa maneno hapa: tuna uchungu, ukali, uchachu, ukakasi, munyu, na tuna neno chapwa kwa kitu kisicho na ladha. Mwenye maneno hayo yote akaridhika na mazuri na mabaya amejinyima mwenyewe.

Isitoshe, kuonja ni kazi inayoilisha Mombasa. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki, ulioanza Nairobi mwaka wa 1956, ulihamia mjini hapa mwaka wa 1969, na umekuwa miongoni mwa minada mikubwa kabisa ya chai nyeusi duniani. Kabla ya bei kutajwa, waonjaji hupita mbele ya safu za vikombe, hufyonza kijiko kimoja kwa sauti, hukizungusha kinywani na kukitema. Jasho la mkulima wa Kericho au wa Rwanda hupimwa kwa neno la mtu huyo. Akisifu kisichostahili au akitweza kwa uvivu, kuna nyumba itakayokosa karo ya shule. Wahenga wetu nao walituonya juu ya mgema asifiwaye, na onyo lao linamhusu msifuji kama linavyomhusu mgema.

Lakini karo si jambo la mwisho linaloweza kupotea. Mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu wakafa katika kaunti kadhaa. Mwezi Februari 2024 wengine zaidi ya 10 wakafa Kirinyaga. Tusidhani kwamba marehemu hao hawakuwa na ndimi. Methanoli hukaribiana mno kwa harufu na ladha na kileo cha kawaida, hata mnywaji mzoefu hawezi kuitambua. Yaliyowapata ndiyo yale yaliyowapata wasafiri sita wa Mali: ulimi ulikaribisha kilichoua. Sheria ya mwaka wa 2010 iliyodhibiti vileo nchini, na kuifuta ile ya mwaka wa 1980 iliyopiga marufuku chang'aa, ilitaka kinywaji kiwe na chupa, lebo na habari za kilichomo. Maana yake ilikuwa kwamba shahidi wa pili apatikane, yule ambaye kinywa hakiwezi kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo hoja yangu si ya wanywaji peke yao. Asiyekunywa naye ana haki, na ana wajibu, wa kutaka kila kibuyu, kila chupa na kila dumu linalouzwa mtaani kwake lijulikane lina nini. Kusema kwamba kinywaji ni haramu, na kunyamaza hapo, hakukumwokoa hata mmoja wa waliokufa. Kusema kwamba ni kitamu, na kunyamaza hapo, ndiko kulikowaua. Kadhi wa Tangier, aliyekuwa na sababu zote za kidini za kukisukuma mbali kikombe cha buza bila ya neno, aliona ni wajibu wake kuuliza mara mbili na kuandika jibu. Hata sisi tunaopita mbele ya kibanda cha mnazi, cha kahawa au cha bia, tukitaka kusifu au kukemea, swali lake lile la karamuni lingali ndilo la kuanzia.